Alama ya Ngamia Kwenye Chipu

Mapenzi ni kikohozi, na aliyetunga methali hiyo lazima alikohoa mahali pabaya. Ndinda aliyaficha yake mahali ambapo hata jicho la mama haliwezi kufika, katika kona ya chipu ndogo kuliko punje ya mtama, na bado Alhamisi ile, saa tano asubuhi, yalitanda kwenye skrini ya ukumbi wa chuo mjini Wote, makubwa kama mlango wa kanisa. Waliyaona wahandisi mia mbili. Waliyaona mama yake mzazi na kaka yake Musembi, waliokuwa wameketi safu ya mbele.

Tuanze pale alipopanda jukwaani, maana hadi hapo mambo yalikuwa mazuri.

"Chipu zilizotangulia hii yangu zilijua kula upande mmoja tu," Ndinda aliwaambia wahandisi, akiwa amesimama wima ndani ya gauni la kijani alilolishonesha Migwani kwa ajili ya siku hiyo. "Zinavuna umeme kutoka kwenye joto la mnyama, ndiyo, lakini mnyama awe na joto kuliko hewa. Sasa nendeni Kitui saa nane mchana! Hewa inamshinda ngamia. Chipu inakufa njaa juu ya shingo iliyoshiba. Hii yangu inakula joto likitoka shingoni, na inakula likiingia. Likikosekana kabisa, inalala. Haina betri. Miezi kumi na moja imekuwa ikituambia ni ngamia gani ana homa, siku mbili kabla mwenyewe hajajua."

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi. Mama Mbula, mjane na kiongozi wa kina mama kanisani kwao, alicheka pia ingawa hakuelewa hata neno. Aliyewachekesha watu alikuwa wake, basi. Kando yake Musembi hakucheka. Alikuwa akilia kimya, mkono wa kulia umeushika wa kushoto, ule uliobaki na kidole gumba na cha shahada peke yake.

Mkono huo una habari yake. Musembi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti sokoni Migwani, na baba yao alipofariki, mageti hayo ndiyo yaliyomsomesha Ndinda kutoka kidato cha kwanza hadi chuo kikuu. Kisha ukaja mwaka ule wa ukame, miaka mitatu iliyopita. Musembi alienda kuchota maji kwenye kisima walichokuwa wamechimba mchangani, mtoni Tyaa, akakuta ngamia wamekikanyaga kikafukika. Akagombana na mtu aliyekuwa na ngamia hao, na panga likaja. Ndinda alikimbia kutoka Nairobi akakaa hospitalini wiki nzima. Alimlisha uji, alimwosha, alimbadilishia bendeji, lakini hakumuuliza lolote kuhusu siku ile. Alidhani kutouliza ni heshima. Musembi naye alidhani dada yake hataki kujua. Wakaishi hivyo.

Na Liban je? Liban alikuwa safu ya mwisho kabisa, shati jeupe, mikono ameikunja kifuani. Ngamia wa majaribio walikuwa wake. Ndinda alimpata kwenye soko la mifugo Mwingi, mwaka mmoja baada ya mkasa wa Musembi, akitafuta mtu ambaye hatacheka akiambiwa avalishe ngamia mikufu. Liban alicheka, tena sana, halafu akamwazima ngamia sita. Kufikia ngamia wa sita walikuwa wamependana, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mama yake Liban, Bi Arbaco, alimwambia kijana wake kwamba wasichana wa dini yao hawajaisha. Mama Mbula alikwenda mbali zaidi. Krismasi iliyopita, Ndinda alipolitaja jina hilo mezani, alishika leso aliyojifunga kiunoni, zawadi ya mwisho ya marehemu mumewe.

"Unaona hii?" alisema. "Siku utaniletea huyo mtu, nitairarua mbele ya watu. Wajue nimefiwa mara ya pili."

Musembi yeye alisema maneno machache tu. "Leta mtu yeyote, Ndinda. Leta hata mlevi, nitamnyoosha. Lakini si hao wenye ngamia."

Kwa hiyo Ndinda alimsihi Liban asije Wote. Liban akamjibu kwenye simu, "Nitakaa nyuma kabisa, wallahi. Nitakuwa kama kiti. Nani anaangalia kiti?"

Sasa, wanaochora chipu wana desturi yao. Ukimaliza kupanga njia zote za umeme, na ikabaki kona isiyo na kazi, unaacha hapo kijichoro chako. Mmoja ataacha jina la mtoto wake, mwingine samaki, mwingine bata. Hakidhuru kitu na hakionekani bila hadubini. Ndinda aliacha alama ambayo Liban alimchorea siku moja kiganjani kwa kalamu, alama ambayo ngamia wa marehemu baba yake huchomwa shavuni: duara, na chini yake vijiti viwili vilivyoinama. Alimaliza kuichora akiwa peke yake ofisini, akatabasamu mpaka mashavu yakauma, akautuma mchoro kiwandani ng'ambo.

"Swali la mwisho," alisema Profesa Nyamai, mzee mcheshi aliyeongoza kikao.

Kijana mmoja wa Nairobi akasimama. "Dada Ndinda, kwa hiyo picha ya chipu, kona ya chini, mkono wa kulia. Kuna kitu. Hebu tukuzie."

Wahandisi wakapiga miluzi, maana wote wanaijua desturi hiyo. Ndinda angeweza kusema ni vumbi. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye alikuwa amesifiwa nusu saa nzima. Alibonyeza. Kona ikakua, ikakua tena, na alama ikajaa skrini.

"Ni nembo ya kampuni?" aliuliza Profesa.

"Hapana, Prof. Ni alama ya mtu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. "Mtu yupi?" mtu akapaza sauti. Ndinda hakujibu kwa mdomo. Macho yake yalimponyoka yakakimbilia safu ya mwisho, na Liban naye, aliyeapa kuwa kiti, aliyapokea kwa tabasamu lililoonekana ukumbi mzima. Ilikuwa mara moja tu. Ndinda alipoyarudisha macho mbele, alimwona Musembi amegeuka kwenye kiti chake, akifuata njia ileile ambayo macho yake yalikuwa yamepita. Machozi yalikuwa yamekauka usoni mwake.

Musembi akasimama.

"Unaenda wapi?" mama yake akamuuliza.

"Kupunga hewa, mwaitu."

Ndinda alishukuru Mungu kwamba kaka yake ametoka bila kelele. Hakuona kwamba Liban naye, kwa kuogopa kumwaibisha, alikuwa ameinuka na kutokea mlango wa nyuma. Watu walimzunguka kumpa mkono. Wageni wa kiwanda, wale ambao wangeamua kama chipu yake itatengenezwa kwa maelfu au itabaki hadithi, walimwambia wanasubiri kwa hamu onyesho la saa nane. Yeye alicheka nao, sanduku lake la alumini mkononi. Hakuwa ameliweka chini tangu alfajiri. Chipu kumi na mbili zilirudi kutoka kiwandani. Saba ziliungua kwenye majaribio, nne ngamia walizitafuna pamoja na mikufu. Iliyobaki moja, nzima, ilikuwa ndani ya sanduku hilo, juu ya saketi aliyoiunga kwa mikono yake.

Kisha akasikia sahani zikivunjika huko nje.

Nyuma ya ukumbi, pembeni mwa sakafu ya saruji ya jikoni, yalikuwa yamesimamishwa mahema ya chakula cha mchana. Ndinda alifika mbio akamkuta Musembi amemgandamiza Liban kwenye nguzo ya hema, mkono wa kulia umemkaba koo. Wapishi walikuwa wamerudi nyuma wakishika vichwa.

"Hiyo alama ni ya nani?" Musembi alikuwa akiuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

"Ya baba yangu."

"Sema tena."

"Ya marehemu baba yangu. Iko kwa shavu ya kila ngamia ya..."

Musembi alimpiga kichwa. Pua ya Liban ilivunjika kwa sauti ambayo Ndinda aliisikia kutoka hatua kumi, na shati jeupe likawa jekundu hadi kifungo cha tatu.

"Musembi! Mwachilie!"

Kaka yake aligeuza shingo. Ndinda alikuwa amemwona Musembi akikasirika mara nyingi, lakini uso huu hakuujua.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Kujua nini?"

"Usinichezee, Ndinda. Ulijua? Hiyo alama ndiyo ilikuwa kwa ile ngamia. Mimi niko chini kwa mchanga natafuta vidole zangu, Ndinda, natafuta vidole zangu na huu mkono mwingine, na hiyo ngamia imesimama juu yangu inaniangalia. Uso wa huyo mtu sikumbuki, hiyo alama ndiyo naona. Kila siku naiona. Na wewe umeenda kuichora! Umeichora kwa kazi nilikusomesha ufanye!"

Ndinda alimtazama Liban, damu ikimtiririka kidevuni, na kwa muda wa kupepesa jicho alimwamini kaka yake. Alimwona Liban na panga mkononi. Liban aliliona wazo hilo likipita machoni mwake, na likamuuma kuliko pua.

"Ndinda," alisema. "Hata wewe?"

"Niambie si kweli."

"Sijawahi kukata mtu. Tuliuza ngamia ya baba, tisa, kabla ya..."

Ngumi ilimkatiza. Ya pili ilimpata sikioni, ya tatu tumboni, na hapo uvumilivu wa Liban ukaisha. Alikuwa amemuahidi Ndinda kwamba hatawahi kuinua mkono kwa mtu wa kwao, lakini ahadi haizuii pumzi kukatika. Alimpiga Musembi goti, akamsukuma, wakaanguka pamoja juu ya meza ya chakula. Sufuria ya muthokoi ikapinduka. Mahindi na maharagwe ya moto yakammwagikia Musembi shingoni, akapiga ukelele, akamng'ata Liban begani hadi meno yakakutana na nyama. Liban akashika jagi la bati akampiga nalo usoni, mara mbili, tatu, jagi likabonyea. Jino la Musembi likaruka likaangukia kwenye bakuli la kachumbari.

"Waamueni! Jamani, waamueni!" Profesa Nyamai alikuwa akipiga kelele, miwani imekaa upande.

Hakuna aliyeamua. Vijana walikuwa wametoa simu wanarekodi. Mlinzi mmoja alijaribu kumshika Musembi kiuno, akala kiwiko cha mdomo, akakaa chini kuhesabu alichobaki nacho kinywani. Ndinda alijitupa katikati yao akavuta shati, akavuta nywele, akakwaruza, akasukumwa akaanguka chali. Sanduku lilikuwa bado mkononi. Hata akianguka alilikumbatia kama mtoto mchanga.

Alipoinuka, Musembi alikuwa amefika kwenye kamba ya hema. Fundi wa chuma anajua chuma kilipo. Aliung'oa mtarimbo uliokuwa umechomekwa ardhini kufungia kamba, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na upande huo wa hema ukalala. Liban alikuwa akijaribu kusimama. Mtarimbo ulimshukia begani. Mfupa ulilia, na Liban akapiga magoti, mkono wake wa kushoto ukining'inia kama si wake.

"Moja ama mbili?" Liban alisema, akihema.

"Nini?"

"Alama! Kwa ile ngamia. Zilikuwa moja ama mbili?"

"Unaniuliza maswali?" Musembi aliuinua mtarimbo juu ya kichwa, safari hii akiulenga utosi. "Wewe unaniuliza mimi maswali?"

"Jibu tu! Moja ama mbili?"

Watu husema hasira hasara, lakini hakuna anayekwambia kwamba kuna dakika unachagua hasara yako mwenyewe. Ndinda alikuwa nyuma ya kaka yake. Aliyaona mabega yake yakijikaza. Aliujua mkazo huo. Aliuona utotoni maelfu ya mara, Musembi akiinua nyundo juu ya chuma chekundu, na nyundo ile haikuwahi kukosa. Hakuwa na jiwe wala fimbo. Alikuwa na kitu kimoja duniani.

Alilishika sanduku kwa mikono miwili akampiga nalo kaka yake kisogoni, kwa nguvu zake zote.

Mtarimbo ulianguka kwanza. Musembi akayumba, akageuka nusu, akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka kutembea. Damu ilimshuka nyuma ya masikio yote mawili ikaingia kwenye kola. Sanduku lilifunguka hewani, na kilichokuwamo kikapiga sakafu ya saruji ya jikoni.

Ndipo Mama Mbula akafika, viatu mkononi kwa kukimbia.

"Ngai wakwa! Ni nani amempiga mtoto wangu?"

"Ni mimi, mwaitu."

Mama alimzaba kofi. Halafu akamzaba jingine, la upande wa pili, kwa kiganja kilekile kilichomlea. Ndinda hakukwepa. Alisimama akayapokea yote mawili, machozi yakimtoka bila sauti, kisha akapiga magoti mbele ya Musembi.

"Umenipiga na nini?" Musembi aliuliza. Maneno yalipitia pengo la jino kwa shida.

"Na miaka yangu minne."

Musembi alitazama chini kati yao. Saketi ilikuwa imevunjika vipande viwili. Kioo kilichofunika chipu kilipasuka, na nyuzi za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zilikuwa zimekatika zikajikunja. Alikiokota kipande kwa vidole vyake viwili, akakigeuza kwenye mwanga. Alikuwa fundi, kazi nzuri aliijua hata kama ni ya dunia nyingine.

"Hii ndiyo ilikuwa ya saa nane?"

"Ndiyo."

"Nyingine iko?"

"Hakuna nyingine."

Alikilinganisha kipande na mwenzake. "Haiwezi chomelewa?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya zamani, sauti ya kaka anayetengeneza kila kilichovunjika cha dada yake.

"Haiwezi, Musembi."

Na hapo ndipo Ndinda alipolia kweli, uso ameufunika na mikono yenye damu ya watu wawili. Alilia kwa ajili ya chipu, na pua ya Liban, na lile wazo lililompita machoni akamwona mpenzi wake na panga. Lakini zaidi alililia juma lile la hospitali, siku saba mfululizo za kulisha uji bila kusema kitu. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa gauni.

"Sijawahi kukuuliza," alisema. "Nilikaa na wewe wiki nzima na sikukuuliza. Nakuuliza leo. Ilikuwa aje siku ile?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Sasa ndiyo nauliza. Nichoree ulichoona."

Musembi aliinama, akachovya kidole cha shahada cha mkono ule mbovu kwenye mchuzi wa muthokoi uliomwagika, akachora juu ya saruji. Duara. Vijiti viwili vilivyoinama. Kidole kilisimama hapo. Halafu, polepole, kama mtu anayekumbuka jina la aliyekufa zamani, alichora nyingine kando yake: mstari uliolala, na juu yake nukta tatu.

"Mbili," alisema. "Zilikuwa mbili. Hii ya pili ilikuwa mbichi. Ilikuwa bado na kidonda."

Liban alijikokota kwa magoti, akishika mkono wake uliovunjika, akaja akatazama.

"Kwetu mtu akinunua ngamia haifuti ya kwanza," alisema. Alihema baada ya kila neno. "Anaongeza yake kando. Baba alikufa, tukauza tisa pale Garissa, mwaka huohuo wa ukame. Hii ya kwanza ni yetu. Hiyo nyingine ni ya mwenye ngamia. Naijua. Nitakupeleka polisi mimi mwenyewe, na nitasema jina lake nikiwa nimesimama."

"Na kwa nini hukusema?" Musembi aliuliza.

"Ulinipa nafasi?"

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Musembi alizifuta alama zote mbili kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka ikabaki saruji tupu yenye mafuta.

"Mimi sikupendi," alimwambia Liban.

"Sikuja kwa sababu yako."

Profesa Nyamai alikaribia kwa hatua za uoga. "Ndinda, samahani. Wageni wameuliza. Saa nane..."

"Waambie chipu imevunjika, Prof. Waambie mchoro uko, na nikipewa mwaka mmoja nitatengeneza nyingine."

"Mwaka mmoja hawatasubiri, mama."

"Basi wasisubiri."

Alisema hivyo bila kiburi. Alijua alichopoteza, na angejua zaidi kesho na kesho kutwa, wakati simu hazitalia. Lakini macho yake yalikuwa kwa Liban, aliyekuwa amejiegemeza kwenye mguu wa meza, mweupe midomoni. Na kati yake na Liban alikuwa amesimama Mama Mbula.

Mama alimtazama mwanawe aliyevuja damu kisogoni. Alimtazama yule kijana wa watu, mwenye pua iliyopinda na bega lililoshuka. Kisha akaishika leso kiunoni mwake, akaifungua fundo. Ndinda alimwona akiikunjua, ile ya marehemu baba, nyekundu yenye maua meupe, akaikumbuka Krismasi.

"Mwaitu, tafadhali," alisema. "Si mbele ya watu. Nitaondoka. Nitafanya unachotaka, lakini usiirarue."

"Nyamaza."

Mama aliitia meno ukingoni, akaivuta kwa mikono miwili. Leso ililia kutoka juu hadi chini. Watu waliokuwa wakirekodi wakashusha simu zao bila kuambiwa. Akakunja nusu ya kwanza, akapiga magoti nyuma ya Musembi, akamfunga kichwa kwa kukaza, akilia na kumkaripia kwa Kikamba kwa pumzi ileile.

Alipomaliza alibaki na nusu ya pili mkononi. Hakumwangalia Liban. Hakumwangalia hata binti yake. Aliinyoosha tu upande wa Ndinda, kwa hasira, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Shika," alisema. "Mfunge wako."